FAIDA YA KUFA, KAZI YA KUISHI

Somo la juma hili
Maandiko ya kusoma: Wafilipi 1:21-26, Wafilipi 2:25-30, Marko 5:35-43
Lengo: Muumini ajue kwamba tumaini la mbinguni halimwondoi katika kazi yake ya duniani, bali linampa sababu ya kubaki na kuwafaa wengine.



Jumapili iliyopita tulihubiri juu ya uzima wa milele. Baada ya ibada nilipata maswali mawili. Kijana mmoja aliuliza: kama mbinguni ni kuzuri hivyo, sisi tunang'ang'ania nini hapa? Mama mmoja yeye akaja na swali la upande mwingine. Alisema, "Mchungaji, tangu mambo ya Shakahola, mimi nikisikia mtu anahubiri mbinguni naogopa. Si afadhali mtufundishe kulima na kusomesha watoto, hayo mengine tuyaache?"

Sikutaka kuwajibu mlangoni kwa maneno mawili. Somo la leo ni jibu lao, na ni letu sote.

1. SWALI LA KABURI NI LA KALE

Kabla Injili haijafika kwenye milima hii, wazee wetu walikuwa na imani yao kuhusu kifo. Mzee akifa alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya ukoo wake. Mapango ya namna hiyo yapo Taita na Sagalla mpaka leo. Mvua ikikatika au ugonjwa ukiingia nyumbani, watu walienda pale kutoa sadaka na kuwasemesha waliotangulia. Mmishenari J. A. Wray alipofika Sagalla mwaka 1883, hakuwakuta watu wasiowaza juu ya maisha baada ya kifo. Aliwakuta wanawaza sana.

Sisi hatuendi pangoni, kwa sababu tunamwamini yeye aliyetoka kaburini akiwa hai, na kaburi lake liko tupu. Lakini tusiwacheke wazee. Walijua jambo ambalo sisi tunaanza kulisahau: kwamba mtu si wa leo tu, ana deni kwa waliomtangulia na kwa watakaomfuata. Majirani zetu Waislamu pale Voi nao hufundisha kwamba hapa duniani ndipo mtu anapopanda, na akhera ndiko atakakovuna. Tunatofautiana nao juu ya njia ya wokovu, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini wao na sisi tunakataa pamoja kwamba maisha haya ni takataka ya kutupwa.

Siku hizi kuna imani nyingine isiyo na kanisa wala msikiti. Inasema maisha ni ploti, nyumba ya mawe na gari, halafu basi, ukifa umekwisha. Yesu alisimulia habari za mtu wa namna hiyo katika Luka 12, yule tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi na usiku huohuo akaitwa. Mimi chuoni nilisomea biashara. Nikisoma habari ile naona kwamba yule tajiri hakukosea kujumlisha. Mavuno yalikuwa mengi kweli, na ghala zilikuwa ndogo kweli. Kosa lake ni kwamba aliandika vyote katika upande wa mali yake, akasahau kuwa hata nafsi yake ilikuwa ya mkopo, na mwenyewe angeweza kuidai saa yoyote.

2. PAULO ANAPIGA HESABU

Sasa twende Filipi. Paulo aliandika waraka huu akiwa kifungoni, hajui kama atatoka akiwa hai. Kuhusu kifo chake anatumia neno la sokoni kabisa: faida. Anasema kwake kuishi ni Kristo, na kufa ni faida.

Wengi wetu tunaukariri mstari huo wa 21 na kuishia hapo. Tafadhali usiishie hapo. Endelea mpaka wa 26. Upande mmoja Paulo anaweka kwenda kukaa na Kristo, na anakiri wazi kwamba huko ni bora zaidi. Upande wa pili anaweka kubaki katika mwili. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, mtu angechukua upande wenye faida kubwa na kufunga daftari. Paulo hafanyi hivyo. Anasema kubaki kunahitajika zaidi kwa ajili yao Wafilipi, ili wakue na wafurahi katika imani.

Umeona kilichoamua? Ni mahitaji ya watu wengine. Yeye mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kutaka kwenda: mapigo, njaa, minyororo. Lakini hakuuliza tu, "Nikifa nitapata nini?" Aliuliza pia, "Nikienda, nani atapungukiwa?"

Halafu kuna Epafrodito katika sura ya 2. Huyu ndugu alitumwa na kanisa la Filipi kumpelekea Paulo msaada, akaugua akawa karibu kufa. Kama kufa ni faida na hakuna zaidi, Paulo angesema, "Mwacheni aende, amebarikiwa." Kumbe anasema kinyume. Anasema Mungu alimhurumia Epafrodito akapona, na alimhurumia Paulo naye, asipate huzuni juu ya huzuni. Yaani mtu yuleyule aliyeita kifo faida anakuita kupona rehema. Wala hajipingi. Anayejua mbinguni ni kwake anaweza kuushukuru uhai bila kuuabudu, na anaweza kukitazama kifo bila kukikimbilia.

3. SHAKAHOLA ILIKATA ANDIKO KATIKATI

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, watoto wengi wakiwemo. Waliookolewa walieleza habari ya watu kuambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Kabla ya hapo kuna walioacha kazi, waliouza mali na waliotoa watoto shuleni. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama, sisi hatukai kwenye kiti cha hakimu. Lakini mafundisho tunaruhusiwa kuyapima, tena tumeamriwa kuyapima.

Wacha niseme wazi: watu wale hawakuwa wajinga wote. Walikuwemo waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Walipotezwa kwa nusu ya kweli. Waliambiwa kufa ni faida, hawakuambiwa kubaki kunahitajika. Waliambiwa Bwana yuko karibu, hawakuambiwa kwamba Wathesalonike walioacha kazi waliagizwa na Paulo watulie, wafanye kazi, na wale chakula chao wenyewe. Hiyo iko 2 Wathesalonike 3:10-12.

Sisi ni kanisa linalofunga na kuomba, na hatutaacha. Lakini kufunga kwa Biblia kuna siku ya kufungua. Musa alifungua, Esta alifungua, na Bwana wetu baada ya siku 40 aliona njaa, na malaika walikuja kumhudumia. Aliyemwambia ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu Mungu atamdaka hakuwa Roho Mtakatifu. Tunajua alikuwa nani.

4. "MPENI CHAKULA"

Sasa fungua Marko 5. Binti wa Yairo amekufa, ana miaka 12. Waombolezaji wameshaanza kazi yao. Yesu anaingia, anamshika mkono, anamwinua. Ni muujiza mkubwa kuliko wowote tulioushuhudia hapa. Je, Bwana wa ufufuo anasema nini baada ya hapo? Hatoi hotuba ndefu kuhusu mbinguni. Anaagiza mtoto apewe chakula.

Ukikaa na mstari huo wa 43 utanielewa. Yule ambaye mauti yako chini ya miguu yake ndiye anayekumbuka kwamba mtoto ana njaa. Kwa hiyo mtu akija kwako kwa jina la Yesu akakuambia umnyime mtoto wako chakula, dawa au shule ili afike mbinguni haraka, huna haja ya kusoma Kigiriki ndipo umjue. Yesu alishasema: mpeni chakula.

Mama yangu uliyeniuliza, ndiyo maana hatutaacha kuhubiri mbinguni. Tukinyamaza, mahali hapo patajazwa na wenye nusu ya kweli. Dawa ya mahubiri mabovu ya mbinguni ni mahubiri kamili ya mbinguni.

5. BASI LA AKINA MAMA WA MRARU

Na wewe kijana uliyeuliza tunang'ang'ania nini, nitakujibu kwa habari ya hapahapa kwetu. Waulize nyanya zako. Katika miaka ya 1970 akina mama wa Mraru walikuwa na shida ya usafiri wa kwenda Voi. Gari likipita limejaa, na mama mwenye mzigo na mtoto mgongoni ndiye anayeachwa barabarani. Soko liko Voi, hospitali iko Voi. Wale akina mama wakaungana katika kikundi, wakaweka akiba kidogo kidogo, wakaongeza mkopo, wakanunua basi lao wenyewe. Habari yao ikaandikwa na kusomwa mpaka ng'ambo.

Basi lile lilizeeka, kama mabasi yote. Mtu anayesema ukifa umekwisha atauliza, sasa faida iko wapi? Na mtu wa Shakahola atasema, si niliwaambia dunia inapita? Lakini 1 Wakorintho 15, sura ndefu kuliko zote kuhusu ufufuo, haimalizii mawinguni. Mstari wa mwisho, wa 58, unatuambia tuzidi katika kazi ya Bwana, kwa sababu taabu yetu katika yeye haiendi bure. Kwa sababu wafu wanafufuliwa, mema uliyomtendea mtu hayaoki pamoja na bati la gari. Mtu yule anadumu. Aliyefikishwa hospitali, aliyesomeshwa kwa mboga zilizouzwa Voi, hao ni watu wa milele, si vyombo.

Nisieleweke vibaya. Basi halimpeleki mtu mbinguni. Tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo. Lakini soma Waefeso 2 mpaka mstari wa 10: tuliokolewa ili tuyatende matendo mema ambayo Mungu ameyatengeneza. Neema ndiyo mtaji, na mtaji haukutolewa ukae sandukuni.

6. TUFANYE NINI JUMA HILI

Kwanza, wewe unayemeza dawa za presha, za sukari au za ARV, usiziache kwa sababu ya mfungo au unabii. Ukitaka kufunga, ongea na daktari kwanza, halafu uje kwetu. Ukisikia umeponywa, Mungu haogopi vipimo, nenda upimwe. Watoto, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha hawadaiwi mfungo na kanisa hili.

Pili, mtu akikufundisha habari za mwisho wa dunia, mwulize anataka ufanye nini Jumatatu. Kama jibu ni uuze shamba, uache kazi, uwaondoe watoto shuleni au uwakate jamaa zako, toka hapo haraka na utuambie wazee wa kanisa.

Tatu, tuangalie harambee zetu. Mtu akifa tunaunda kamati siku hiyohiyo, mahema, chakula, gari la mwili, pesa zinapatikana. Mtu huyohuyo alipokuwa mgonjwa miezi 6 tulimtumia ujumbe wa "tunakuombea". Kuzika vizuri ni heshima, hakuna anayepinga. Ila kama tunaamini uhai wa ndugu ni rehema kama ule wa Epafrodito, basi mfuko wa wagonjwa usiwe mwembamba kuliko mfuko wa matanga. Nimewaomba wazee wa kanisa tulijadili jambo hili, na wewe lijadili katika seli yako.

Nne, kama umechoka na maisha kiasi cha kutamani kufa, usibaki na siri hiyo peke yako. Eliya alifika hapo chini ya mti, na Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, baadaye mwenzake. Njoo tuongee, mchana au usiku. Kuna mtu anayekuhitaji ubaki, hata kama leo humwoni.

MASWALI YA SELI
1. Kwa nini Paulo alichagua kubaki, hali kwenda ni bora zaidi?
2. Taja mtu mmoja ambaye angepungukiwa kama usingekuwepo. Juma hili utamfanyia nini?
3. Katika seli yetu ni nani mgonjwa sasa, na tumefika kwake na nini mkononi?

OMBI
Baba, tunakushukuru kwa tumaini la ufufuo. Utuondolee hofu ya kifo, na utuondolee pia uvivu wa kuishi. Utufundishe kubaki kwa ajili ya wengine mpaka siku utakayotuita wewe mwenyewe. Uzifariji familia zilizopoteza wapendwa wao Shakahola. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mchungaji Msaidizi