Kuikubali Hali na Kuibadilisha

Wanafunzi wapenzi, huenda miongoni mwenu yumo anayejikata mkono kwa siri ili uchungu wa moyoni upungue. Sisi walimu tumezoea kumwambia "Acha!", naye huzidi kujificha. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, ambaye ujanani alijiumiza vivyo hivyo, alibuni tiba ambayo mwongozo wake ulitoka mwaka 1993. Mgonjwa huambiwa mambo mawili kwa pamoja: maumivu yako ni ya kweli, na unaweza kujifunza njia nyingine. Hufundishwa, kwa mfano, kutia uso katika maji baridi huku amezuia pumzi, mapigo ya moyo yapungue (mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza). Kijana husoma pamoja na wazazi wake, nao wajifunze kusikiliza kabla ya kukaripia. Aliye katika hali hiyo amwambie leo mtu mzima anayemwamini, apelekwe hospitali.