Nairobi hadi New York: usiiamini hesabu ya haraka

Tuseme tiketi yako ya Januari inasema hivi: kuondoka Nairobi 23:55, kufika New York 06:55. Ukitoa kwa haraka unapata saa saba, muda ambao hata basi la Mombasa hulitegemei likufikishe.

Saa za kwenye tiketi ni za pale ndege ilipo. Kwa hiyo, kabla ya kutoa chochote, zigeuze zote ziwe saa za Nairobi. Kipindi cha baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, na tofauti inakuwa 7 mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Basi 06:55 jumlisha 8 ni 14:55, saa tisa kasoro dakika tano alasiri kwetu. Kutoka 23:55 hadi hapo ni saa 15 kamili. Huo ndio muda utakaokaa kitini, na ndivyo ilivyo takriban kwa ndege ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018.

Unataka kuhakiki? Pima umbali, ila rula na ramani ya ukutani viache. Ramani bapa itakupitisha Nigeria na Mali. Chukua tufe la dunia, hata lile dogo la watoto, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze. Utapanda kaskazini, ukatize Sahara, na katikati ya uzi itaangukia jirani na Marrakesh. Njia hiyo ni kama kilomita 11,840. Ndege kubwa hukata kilomita 900 hivi kwa saa, kwa hiyo ni saa 13 na dakika chache. Ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupaa na kutua. Kinachobaki ni upepo: juu ya Atlantiki huvuma kutoka magharibi, ukaipinga ndege inapokwenda na kuisukuma inaporudi. Ndiyo maana kurudi huchukua saa 14 hivi.

Ukipitia Doha, pima vipande viwili: kilomita 3,350, kisha 10,770. Umeongeza zaidi ya kilomita 2,200, na bado hujahesabu kusubiri ndege ya pili. Nauli ikiwa nafuu sana, sawa. Tofauti ikiwa ndogo, mimi siendi.

Tahadhari na tarehe. Ndege ya 00:30 tarehe 14 unaifuata uwanjani usiku wa tarehe 13. Kuna watu makini kabisa wamefika siku ya pili yake, na mabegi yao.

Kisha kuna saa zetu za Kiswahili. Mimi nilimwambia shemeji, aliyeishi Marekani miaka mingi, "nafika saa moja asubuhi." Alisikia "saa moja", akaja saa moja ya kwao, mchana. Nilimngoja juu ya sanduku langu, nikanywa kahawa tatu za bei ya kuumiza. Kwa hiyo mwenyeji wako usimpigie simu tu. Mwandikie: 06:55, na tarehe ya huko.