Mfundishe Mtoto wa Mbwa Kuja Anapoitwa



Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Bunju na Mabwepande huko Kinondoni, au Mbagala na Chamazi huko Temeke, watu wengi hufuga mbwa. Mbwa hulinda nyumba, kuku na mbuzi. Lakini nyumba nyingine hazina ukuta wala ua. Mbwa hutoka apendavyo.

Hapo ndipo shida huanza. Barabara ya Bagamoyo inapita Bunju. Barabara ya Kilwa inapita Mbagala. Daladala na bodaboda hazimsubiri mbwa. Tena kuna majirani. Mzee anakwenda msikitini alfajiri, ameshatia udhu. Mbwa wako anamrukia na kumramba. Inambidi mzee arudi nyumbani kujisafisha. Wewe unaita, "Simba! Simba!" lakini Simba hata hageuki. Je, jirani atafurahi?

Mbwa anayekuja anapoitwa huokoa maisha yake. Huokoa pia ujirani mwema. Kazi hii huanza akiwa mdogo, kwani wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mara tu mtoto wa mbwa anapoachana na mama yake, akiwa na wiki 8 hivi, yafaa kuanza.

FIMBO AU DAGAA?

Wengine husema, "Mbwa haelewi bila fimbo." Hebu tufikiri. Jioni mama akitikisa kopo la pumba, kuku hukimbia kutoka kila upande. Nani aliwachapa? Hakuna. Wamejifunza kwamba mlio wa kopo maana yake ni chakula.

Wataalamu nao hutumia njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na hunusa vijidudu vya kifua kikuu. Panya akifanya vizuri husikia mlio mdogo, "tik!" Kisha hupewa chakula kama ndizi au karanga. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia. Huko aligundua mabomu na silaha za kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu. Kama panya hujifunza bila fimbo, mbwa atashindwaje?

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni neno moja. Baba akisema "njoo," mama akipiga mluzi, na watoto wakisema "kuja hapa," mtoto wa mbwa atachanganyikiwa. Nyumba nzima itumie jina lake na neno moja: "Simba, njoo!"

2. Anzeni uani, pasipo na kelele. Chukua dagaa, uwakate vipande vidogo kama punje ya hindi. Simama hatua 2 au 3 kutoka kwake. Chuchumaa, mwite mara moja kwa sauti ya furaha. Akifika, mshike shingoni taratibu, msifu, kisha mpe dagaa pale pale. Ukichelewa kumpa, hatajua amepewa kwa sababu gani. Kumshika shingoni kuna faida yake. Tutaiona mbele.

3. Chezeni mchezo wa kuitana. Watu wawili wakae mbali kidogo, kila mmoja na dagaa wake. Mmoja amwite, kisha mwingine. Watoto huupenda sana mchezo huu, lakini mtu mzima awepo. Somo liwe la dakika 3 hadi 5, mara 3 kwa siku. Acheni kabla mbwa hajachoka.

4. Tokeni nje na kamba ndefu, kama mita 5 hadi 10. Kamba ni ya kumzuia asikimbilie barabarani. Usimvute kama ndoo ya kisimani. Asipokuja, usirudie jina lake mara 10. Piga makofi, rudi nyuma, ukimbie kidogo. Atakufuata, kwa kuwa mtoto wa mbwa hupenda kukimbiza.

5. Mzoesheni vishawishi. Kuku, mbuzi, watoto wanaocheza mpira, mbwa wengine: vyote humvuta. Anzeni navyo kwa mbali, mkiwa na kamba. Akija vizuri, sogeeni karibu siku nyingine.

6. Punguzeni chakula polepole. Akishazoea, mara mpe dagaa, mara msifu tu. Ila msiache kabisa. Akifika miezi 6 hivi, mbwa huwa kama kijana: masikio anayo, lakini hasikii. Msikate tamaa. Rudieni kamba na dagaa.

MAKOSA MAKUBWA MAWILI

La kwanza ni kumwita kisha kumpiga. Mbwa amekula yai la kuku. Unamwita kwa hasira. Anakuja, unamchapa. Wewe unadhani umemwadhibu kwa ajili ya yai. Yeye anaelewa kwamba ukiitwa na kuja, unapigwa. Kesho hatakuja. Ninyi mliopitia darasa la kisomo mnalijua jambo hili. Mwanafunzi anayechekwa akisoma vibaya, siku ya pili haonekani darasani.

La pili ni kumwita kwa ajili ya kumfunga tu. Mwite mara nyingi, mpe kitu kizuri, kisha mwache aendelee kucheza. Hivyo hatajua ni lini atafungwa, na hatakuwa na sababu ya kukimbia.

FAIDA YA AFYA

Sasa turudi kwenye kumshika shingoni. Mbwa wengi hukosa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa sababu siku ya chanjo hawakamatiki. Mbwa aliyefundishwa huja, hushikwa, huchanjwa. Mwulize bwana mifugo ni lini mtoto wa mbwa wako aanze chanjo, na airudie kila mwaka. Kabla ya chanjo, msimwache azurure.

Kumbukeni: dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea mtu, ugonjwa huo huua karibu kila mara. Mtu akiumwa na mbwa, oshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ile ile akapate chanjo. Hata jeraha likiwa dogo, asingoje.

Basi ndugu msomaji, dagaa wachache na dakika chache kila siku zinatosha kuanza. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji au mtaa wenu, mbwa wanaozurura huleta shida gani?

2. Kwa nini kumpiga mbwa aliyekuja ulipomwita humfanya asije tena?

3. Nyumbani kwenu mtachagua neno gani la kumwitia mbwa? Nani atahakikisha kila mtu analitumia?

4. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza? Kisha afanye nini?