Mkutubi, Laptopu na Daftari la Zamani

Wakutubi wa shule ninaowajua Kitui na Makueni karibu wote waliingia mtandaoni kwa mlango mmoja. Unaitwa ofisini Jumatatu asubuhi, unakabidhiwa laptopu iliyokosa kazi kwingine, unaambiwa Bodi ya shule inataka maktaba ya kidijitali kabla shule hazijafungwa. Maana yake nini, hakuna anayekueleza. Wewe mwenyewe pengine uko kwa mkataba wa Bodi, au ni mwalimu wa Historia uliyetwikwa ufunguo wa maktaba juu ya vipindi vyako. Basi unaparamia kinachong'aa: programu kubwa ya maktaba. Inagoma. Laptopu inarudi kabatini.

Programu hiyo mara nyingi huwa Koha. Sina neno baya juu yake. Ilizaliwa New Zealand mwaka 1999, haina malipo, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Lakini ni zawadi ya ng'ombe: inataka zizi na mchungaji. Inahitaji seva, inahitaji Linux, na inahitaji mtu wa kuiamsha siku itakapolala. Kama shule yako ina mtu huyo, na mwakani atakuwepo, endelea. La sivyo iweke kando, itakungoja.

Anza na daftari. Lile kubwa la jalada gumu ambamo kila kitabu kikiingia hupewa namba. Kazi ya kwanza ni kulihamishia Excel, mstari mmoja kwa kila nakala, si kwa kila jina la kitabu. Nakala 60 za Nguu za Jadi ni mistari 60, kwa sababu kitakachopotea ni kitabu chenye namba yake. Safu nane zatosha: namba ya usajili, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN, namba ya Dewey, na hali ya kitabu. Ya tisa utaipenda leo na kuichukia ukifika kitabu cha 200.

Kuna mitego miwili hapa, na yote hutegwa kabla hujaandika chochote. Wa kwanza ni ISBN. Excel ikiona tarakimu 13 hudhani ni hesabu, ikakuonyesha kitu kama 9.78997E+12, na ISBN za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na sufuri huipoteza sufuri hiyo. Chagua safu nzima kwanza, uipange iwe ya maandishi, kisha ndipo uandike. (Vitabu vilivyochapishwa Kenya utavitambua upesi: baada ya 978 hufuata 9966 au 9914.) Mtego wa pili ni tarehe. Laptopu nyingi huja zikihesabu Kimarekani, mwezi mbele na siku nyuma. Namjua mkutubi aliyeandika vitabu virudishwe 3/5, yaani tarehe 3 Mei. Mashine ikasoma 5 Machi, naye akawadai faini darasa zima la Kidato cha Pili. Mpaka leo wanamwita Madam Machi. Nenda kwenye mipangilio ya kompyuta, weka mpangilio wa eneo na tarehe uwe wa Kenya, yaishe.

Usijaribu kuingiza maktaba nzima. Chukua rafu moja, nami ningechukua ya riwaya na tamthilia za Kiswahili, kwa kuwa ndiyo inayotembea. Wiki mbili za saa moja baada ya chakula cha mchana huimaliza. Kisha katika kisanduku kitupu andika =COUNTIF(C:C,"Nguu za Jadi"), na badala ya C uweke herufi ya safu yako ya majina ya vitabu. Siku mwalimu mkuu atakapopita akauliza nakala ziko ngapi, umjibu kabla hajamaliza swali. Maombi ya bando na ruta husikilizwa vizuri zaidi baada ya jibu la namna hiyo.

Mtandao utaanza kukulipa ukifika kwenye vitabu visivyo na kurasa za mbele, vilivyoliwa na mchwa au kubanduliwa jalada. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki. Ndiyo kusema vitabu vingi vya wachapishaji wetu vimekwisha kuorodheshwa na watu waliosomea kazi hiyo, na orodha yao iko wazi bila malipo kwenye catalog.loc.gov. Andika jina la kitabu au la mwandishi, utapewa mwaka, mchapishaji na mada. Ukikuta riwaya ya Kiswahili imepewa PL8704 usibabaike, huo ni mpango wao. Kwa Dewey, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na shule ndogo ikiandika 896 tu mgongoni mwa kitabu haijakosea mtu.

Sasa, bando. Mtandao wa huku ni Mto Tiva: siku mbili unafurika, halafu miezi mchanga mtupu. Wakamba hawakukaa kungoja mto ugeuke kuwa wa kudumu. Walijenga kuta katikati ya mito mikavu, mafuriko yakaleta mchanga, mchanga ukayanywa maji na kuyahifadhi hadi kiangazi, kila mwenye ndoo akajichimbia. Maktaba ya shule nayo ifuate mkondo huo. Pakua siku ya mvua, nenda Wote au Kitui mjini penye kasi nzuri, kisha uwape wanafunzi maji yaliyo mchangani.

Chombo cha kufanyia hivyo ni Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007. Inakuwezesha kuibeba Wikipedia kwenye flashi na kuisoma pasipo intaneti hata chembe. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zake zote hupita gigabaiti 100, kwa hiyo usianze nayo. Anza na ya Kiswahili, ambayo ni ndogo sana, na majaribio ya sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado. Haya ya PhET ndiyo yatakayomleta mwalimu wa Fizikia maktabani: mwanafunzi anaunganisha betri na balbu kwenye kioo, anaongeza nguvu, anaona kinachotokea, na hakuna kifaa kinachoungua. Kwa shule yenye maabara ya kabati moja, si jambo dogo.

Tahadhari itakayokuokolea safari ya pili ya mjini: flashi nyingi huuzwa zikiwa katika mpangilio wa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4 hata kama flashi ina nafasi ya 64. Utaona ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, umlaumu muuzaji bure. Ibadilishe flashi iwe exFAT nyumbani kabla ya kuondoka, ukijua kwamba kitendo hicho hufuta kila kilichomo.

Ukisharudi, laptopu moja yenye Kiwix inaweza kuzilisha kompyuta za chumba kizima kupitia ruta, hata kama ruta yenyewe haina bando. Washa sehemu ya seva ndani ya Kiwix, soma anwani ya namba inayojitokeza, iandike ubaoni, kila mwanafunzi aiingize kwenye kivinjari chake. Programu nyingine, Kolibri, hufanya kazi inayokaribia hiyo na humwonyesha mwalimu nani amefika wapi, ila iache mpaka Kiwix iwe imezoeleka.

Walio shule za msingi wafungue kabati kwanza. Vishikwambi vya serikali vilivyoanza kugawiwa mwaka 2016 vilikuja pamoja na ruta, na si ruta zote zilizokufa. Kishikwambi kilichovimba betri usikichomeke kwenye stima, kitoe chumbani. Kisha utafute African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Humo mna hadithi za watoto kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa, hata kutafsiri. Mwalimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3 anayetakiwa kufundisha kwa lugha ya eneo, huku akikosa kitabu cha Kikamba cha kuwasomea watoto, atakushukuru. Chapa pande mbili, kunja, piga pini katikati.

Vitabu vya fasihi vya mtihani ni habari nyingine. PDF ya Bembea ya Maisha itakufikia kwa WhatsApp bila hata kuomba. Usiiweke kwenye kompyuta za shule. Kitabu hicho kina mwenyewe, na mkutubi ndiye wa mwisho kujifanya halijui hilo.

Orodha ya waazimaji nayo ina wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, kwa hiyo katika Excel andika namba ya mwanafunzi ya shuleni pekee, na majina yabaki kwenye daftari lililofungiwa. Akaunti ya barua pepe ifunguliwe kwa jina la maktaba, si lako, na neno la siri liwekwe kwenye bahasha kwa naibu wa mwalimu mkuu. Nimeona shule ikipoteza orodha ya miaka miwili kwa sababu aliyefungua akaunti alipata kazi Mombasa na namba yake ya simu ikabadilika.

Kila Ijumaa, nakili faili kwenye flashi mbili. Moja ikae nawe, ya pili kwenye sefu ya bursa, na jina la faili liwe na tarehe. Shule moja ninayoisaidia ilipigwa na stima iliyorudi kwa kishindo siku ya Jumatano, laptopu ikaungua papo hapo. Bursa alifungua sefu, wakakopa kompyuta ya maabara, na walichoandika upya ni vitabu vya siku tatu.