Kivuli cha Mwamba Mkubwa

SOMO LA FAMILIA
Soma: Isaya 32:1-2, Ayubu 6:15-20, Mathayo 7:24-27

Mimi ni dereva wa lori, na kwa miaka 18 maisha yangu yamekuwa barabarani. Malaba nimelala, Mariakani nimelala, Busia naijua usiku na mchana. Lakini hadi Novemba iliyopita, familia yangu sikuwa nimeipeleka safari hata moja. Nikirudi Nanyuki nakaa siku mbili, naleta nyama, naacha pesa ya matumizi, kisha huyoo, nimeenda tena.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa sababu lori lilikuwa gereji. Shule zilikuwa zimefungwa. Kijana wetu wa kidato cha pili alikuwa na wiki mbili nyumbani na hakuwa amezungumza nami vizuri. Nikimuuliza habari, "Poa." Basi. Nikiwa nakunywa chai, nikasikia ndani yangu: chukua watoto, muende. Nikamwambia mama watoto, "Twende tukaone ule mwamba wa Ololokwe."

Akanitazama. "Na hii mvua, baba watoto? Nani huenda huko Novemba?"

Alikuwa na haki kuuliza. Ni majira ya mvua za vuli, na watalii huwa wachache. Lakini hata akiuliza, mkono ulikuwa tayari unachemsha mayai. Nikaazima gari la ndugu yangu, na saa mbili asubuhi tukawa njiani.

Tulipita baridi ya Timau na mashamba yake ya ngano, tukateremka Isiolo, joto likatupokea. Archers Post tukavuka daraja la Ewaso Nyiro, maji yakiwa rangi ya udongo. Halafu mbele yetu ukatokea: Ololokwe, ambao Wasamburu huuita pia Ol Doinyo Sabache. Ni mlima unaofika kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukuta wa jiwe umesimama wima katikati ya nchi ya miiba na vumbi. Tumbusi hujenga viota kwenye kuta zake. Wenyeji wanauheshimu sana, na ukiuona unaelewa kwa nini.

Tulilipa ada ya jamii, tukapewa kijana wa kutuongoza, tukaacha lami. Njiani tulivuka mto mkavu, mchanga mtupu, ile ambayo watu wa kaskazini huita laga. Saa sita jua lilikuwa kali. Tulijaribu kukaa chini ya mgunga, lakini jua lilipenya kwenye majani. Kijana akatupeleka chini ya jiwe kubwa. Jameni! Pale palikuwa baridi kama ndani ya nyumba. Msichana wetu mdogo alilala.

Tulipoanza kurudi, ile laga haikuwa mchanga tena. Maji yalikuwa yanapita kwa kishindo, yamebeba matawi. Juu yetu halikuanguka hata tone moja. "Imenyesha kule milimani," kijana akasema. "Mzee, ngoja. Itapungua."

Mimi, dereva wa miaka 18, niambiwe ningoje? Nikaingia kwenye gari, nikawasha. Hapo kijana wangu akaweka mkono kwenye usukani. "Baba, usiingie." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu asubuhi. Nikazima.

Tulingoja karibu saa nne. Msichana akauliza kama maji yale yatakuwa hapo kesho. Kijana wa Kisamburu akacheka. "Kesho utachimba mchanga ndio upate ya kunywa."

Ndipo Ayubu sura ya 6 ilinijia. Ayubu anawafananisha ndugu zake na vijito vya jangwani: vinajaa kwa msimu, joto likija vinatoweka, na misafara iliyovitegemea inaaibika. Nikajiona. Mimi ndiye laga. Nakuja kwa kishindo na nyama na pesa, siku mbili, halafu mchanga.

Nikamuuliza kijana wangu, "Nimekukosea wapi?" Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Siku ya wazazi. Ulisema utakuja. Mara tatu." Sikuwa na la kujitetea. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Hakujibu. Lakini maji yalipopungua na gari likakwama kwenye mchanga, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushuka kusukuma.

Wapendwa, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kivuli ni kuwepo. Isaya anasema mtu atakuwa kama maficho wakati wa upepo na kama kivuli cha mwamba mkubwa katika nchi yenye uchovu. Mwamba haufanyi kelele. Unapatikana tu pale pale ulipouacha. Mtoto hahesabu pesa uliyotuma, anahesabu kiti kilichobaki wazi siku ya wazazi.

Pili, uzoefu sio mwamba. Nilitaka kuingia majini kwa sababu najua kuendesha. Yesu katika Mathayo 7 anaonyesha kwamba nyumba zote mbili zilipigwa na mvua ile ile. Tofauti ilikuwa msingi: kusikia na kutenda. Wakati mwingine Mungu atakuonya kwa kinywa cha mtoto wako. Zima gari.

Tatu, usingoje msimu mzuri. Wengi tunasema, nikimaliza mkopo, nikipata likizo, nitakaa na familia. Sisi tulienda wakati mbaya, na ni hayo mafuriko yaliyotuketisha pamoja.

Sijafika bado. Kazi ni ile ile, na mkate wetu unatoka barabarani. Lakini siku ya wazazi ya muhula wa kwanza nilimwomba mwenye lori ruhusa mwezi mzima mapema, akanipa. Nilifika shuleni kabla ya lango kufunguliwa. Kijana aliponiona alisema, "Umekuja." Neno moja tu, lakini halikuwa "poa".

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI
1. Kwa watu wa nyumbani mwako, wewe ni laga au kivuli cha mwamba?
2. Ni ahadi gani uliyovunja ambayo hujaomba msamaha?
3. Wiki hii, utakuwepo wapi ambapo kiti chako huwa wazi?

OMBI: Baba, wewe ndiwe Mwamba usiohama. Tufundishe kukaa, kusikia na kutimiza. Katika jina la Yesu, Amina.