Sala ya Hana: Mume Afanye Nini Mke Anapolia?



Mwezi huu tujifunze pamoja juu ya sala itokayo moyoni, hasa katika nyumba ambamo mtoto amekawia au hakuja kabisa. Somo letu ni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1. Tafadhali chukueni Biblia yenu. Mmoja asome kwa sauti, mwingine asikilize, kisha mwendelee na makala haya.

Huku kwetu, kuanzia Kitale na Kiminini hadi Kimilili, Webuye na Bungoma, harusi ikiisha tu watu huanza kuhesabu miezi. Mwaka wa kwanza ni mzaha. Mwaka wa pili shangazi anauliza. Mwaka wa tatu wazee wanaitana pembeni, na neno la kuoa mke wa pili linatajwa kana kwamba ndiyo dawa. Tena kuna jambo dogo linalouma sana, nalo ni jina. Mwanamke huku huitwa Mama Wafula au Mama Nekesa, kwa jina la mtoto wake. Asiye na mtoto hana jina hilo, na hivyo kila salamu ya sokoni inamkumbusha. Wako wanaobeba mzigo huu kimya hata katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, wakiongoza Rozari kwa sauti nzuri na kwenda kulia jikoni.

Nyumba ya Elkana

Kwa Kiswahili jina la mama huyu hutuchanganya kidogo, maana twaweza kusema Hana hana mtoto. Kumbe kwa Kiebrania jina hilo lina maana ya neema. Tangu mwanzo wa habari, basi, Maandiko yanatuambia kwamba yule ambaye jirani wanamwona ni mtupu anabeba neema katika jina lake.

Elkana alikuwa na wake wawili, Penina mwenye watoto na Hana asiye nao. Wale wanaodhani mke wa pili huleta amani waisome vizuri sura hii. Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka, tena siku ile ya kwenda kumwabudu Mungu kule Shilo, siku ambayo ingekuwa ya furaha. Hana alilia, akakataa chakula. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, lakini haikuwa na raha.

Waume watatu

Kabla ya kuitazama sala ya Hana, tuwatazame waume watatu wa Agano la Kale waliokutwa na jambo hilohilo. Kila baba ajiulize yeye ni yupi.

Wa kwanza ni Yakobo. Katika Mwanzo 30, Raheli alimwendea kwa uchungu mkubwa, akasema bila watoto atakufa. Yakobo alikasirika. Alimjibu kwamba yeye si Mungu, na kwamba Mungu ndiye aliyemzuilia uzao. Alisema kweli, maana uhai hutoka kwa Mungu. Lakini ukweli unaosemwa kwa hasira hautibu jeraha. Baada ya jibu hilo Raheli hakutafuta tena msaada wa maneno kwa mumewe. Alimpa mjakazi wake ili apate watoto kwa njia hiyo, na mashindano katika nyumba ile yakazidi.

Wa pili ni Elkana mwenyewe. Huyu hakuwa mkali. Alimpenda Hana, akampa fungu la pekee la nyama ya sadaka, akamuuliza kwa upole kwa nini analia, na kama yeye mumewe hamfai kuliko wana kumi. Wanaume wengi wema wa Trans Nzoia na Bungoma wangesema hivyohivyo. Ni maneno ya upendo, lakini tuyaangalie vizuri. Elkana alitaka machozi yakome. Alijiweka yeye kuwa jibu, wakati mke wake alikuwa na swali ambalo ni Mungu tu angeweza kulisikiliza mpaka mwisho. Upendo wa mume ni mkubwa, lakini haujazi nafasi ya Mungu.

Wa tatu ni Isaka. Alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40, na mapacha wao walizaliwa akiwa na miaka 60. Hiyo ni miaka 20 ya kungoja. Mwanzo 25:21 inatuambia alimwomba Mungu kwa ajili ya mkewe. Neno la Kiebrania lililotumika hapo laweza kumaanisha pia kwamba aliomba akiwa mkabala na mkewe. Walimu wa Kiyahudi walieleza kwamba Isaka alisimama kona moja na Rebeka kona nyingine, wote wawili wakiomba. Ni picha nzuri kwa chumba cha wanandoa. Isaka hakumkemea Rebeka wala hakumnyamazisha. Alisimama naye mbele ya Mungu.

Basi, mke anapolia, mume anaweza kuudhika, anaweza kubembeleza ili kilio kiishe, au anaweza kuomba pamoja naye. Hiyo njia ya tatu ndiyo somo letu. Nanyi akina mama, msidhani ni la wanaume peke yao. Mume naye hulia, ila mara nyingi machozi yake hutoka kwa namna ya ukimya, au ya kuchelewa kurudi nyumbani.

Hana alivyosali

Hana aliinuka, akaenda mbele ya Bwana. Alilia sana, akasali ndani ya moyo. Midomo ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli alimdhania amelewa, akamkemea. Hana alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa kitu, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana.

Tujifunze mambo matatu hapa.

La kwanza, sala ya moyo husema jambo lenyewe. Hana hakuomba baraka kwa jumla. Aliomba mtoto wa kiume, akaeleza taabu yake ilivyo. Wayahudi husoma habari hii siku ya kwanza ya Mwaka wao Mpya, na katika Talmudi walimu wao wa kale walimweka Hana kuwa kielelezo cha kila anayesali: aelekeze moyo, midomo itamke, sauti isipazwe. Mwanamke huyu asiyesikika amekuwa mwalimu wa sala kwa taifa zima.

La pili, mwenye uchungu asihukumiwe haraka. Eli alikosea, lakini aliposikia alibadilika, akambariki hata bila kuuliza anaomba nini. Sisi makatekista, viongozi wa Jumuiya na wasimamizi wa ndoa tuige badiliko hilo. Anayekuja kwetu analia hahitaji kuchunguzwa ametenda dhambi gani ujanani.

La tatu, Hana hakutozwa kitu ili asikilizwe. Nadhiri yake haikuwa bei, maana aliahidi kumrudishia Mungu kilekile atakachopewa. Zawadi zake za shukrani alizileta baadaye, mtoto alipokwisha kuachishwa kunyonya. Kwa hiyo mtu akikwambia ulipe kwanza ndipo Mungu akufungue tumbo, awe mganga au mhubiri wa mjini, jua kwamba hiyo si njia ya Hana. Wabukusu tangu zamani wamemwita Mungu Wele Khakaba, yaani Mungu anayegawa. Mgawaji wa namna hiyo hangojei hongo.

Uso ulibadilika kwanza

Sasa tusome kwa makini aya ya 18 na ya 19. Hana alipotoka pale alikula chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Kesho yake waliabudu, wakarudi nyumbani. Halafu ndipo Bwana alipomkumbuka, akachukua mimba.

Mmeona mpangilio huo? Uso ulibadilika kabla ya mimba. Wakati anakula chakula kile Hana hakuwa na mtoto wala dalili ya mtoto. Alichokuwa nacho ni kwamba amesikilizwa. Utunzaji wa Mungu ulianza hapo, siyo siku ya kujifungua. Tena Maandiko yanaposema Mungu alimkumbuka mtu, maana yake siyo kwamba alikuwa amemsahau. Ni kwamba anamgeukia na kutenda kwa ajili yake.

Elkana naye alikua. Kwa sheria ya Hesabu 30, mume aliyesikia nadhiri ya mkewe aliweza kuitangua. Elkana hakuitangua. Hana aliposema atabaki nyumbani mpaka mtoto aachishwe kunyonya, mumewe alimwambia afanye aonavyo vema, na Bwana alitimize neno lake. Yule aliyekuwa akituliza machozi sasa ameingia ndani ya sala ya mkewe. Na mtoto akaitwa Samweli, kwa sababu aliombwa kwa Bwana. Huku kwetu Wafula ni jina la msimu wa mvua, na Nekesa la msimu wa mavuno. Jina la Samweli lilitangaza sala ya mama yake.

Na kama mtoto hakuja?

Hatuwezi kulikwepa swali hili. Wapo waliosali kama Hana, kwa imani ileile, na mtoto hakuja. Asiwepo wa kuwaambia kwamba imani yao ilipungua.

Nabii Isaya, sura ya 56, anawataja watu wasioweza kupata watoto. Mungu anawaahidi mahali katika nyumba yake, na jina lililo bora kuliko wana na binti, jina ambalo halitafutika. Kumbukeni yule mama anayesalimiwa sokoni bila jina la mtoto. Mbele ya Mungu jina lake lipo.

Kanisa nalo linafundisha waziwazi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1084, zasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1654, yafundisha kwamba wanandoa wasiojaliwa watoto wanaweza kuwa na maisha ya ndoa yenye maana kamili, yenye matunda ya upendo, ukarimu na sadaka. Hivyo mzee wa ukoo anayesema ndoa hii si ndoa kwa kuwa haina mtoto, ajibiwe kwa heshima lakini bila kuyumba. Tena ajibiwe na mume, maana hao ni watu wake. Mke asiachwe peke yake mbele ya wakwe.

Sala pamoja na hospitali

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamwelekeza mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa daktari pia ameumbwa na Bwana. Mambo haya mawili hayapigani.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupatwa na tatizo la kupata mtoto wakati fulani maishani. Hamko peke yenu. Chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Maambukizo ya zinaa yasiyotibiwa ni chanzo kimoja, nayo huharibu uzazi wa mwanamume na wa mwanamke. Kama mmekaa pamoja mwaka mzima bila mimba, nendeni hospitali wote wawili, siku moja. Mume asimtume mke kupimwa huku yeye akibaki nyumbani akingoja kuambiwa kosa ni la nani.

Mfanye nini jioni hii

Baada ya chakula, zimeni redio. Kaeni mkielekeana, kama Isaka na Rebeka. Kila mmoja aseme jambo moja linalomlemea, na mwingine asimkatize wala asilitafutie dawa mara moja. Kisha kila mmoja amwombe Mungu kwa ajili ya jambo la mwenzake, kwa lugha ya nyumbani, iwe Kibukusu, Kiswahili au nyingine. Dakika kumi zatosha. Jihadharini na sala ya kumsengenya mwenzako mbele ya Mungu, ile ya kuomba Bwana amlainishe huyu mume mgumu. Hiyo ni ugomvi uliofumbiwa macho. Maneno yakikosekana, shikaneni mikono mkae kimya. Hata sauti ya Hana haikusikika. Malizieni na Baba Yetu.

Kama ninyi mna watoto, fanyeni vivyo hivyo kwa mzigo wenu mwingine, karo, ugonjwa au deni. Tena angalieni ndimi zenu, msiwe Penina wa Jumuiya yenu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kati ya Yakobo, Elkana na Isaka, tunafanana na nani zaidi siku hizi?
2. Ni jambo gani ambalo mwenzangu hulilia peke yake?
3. Jumuiya yetu inawasalimu na kuwapa kazi namna gani wanandoa wasio na mtoto?

Tusali

Ee Mungu uliyemwangalia Hana, utuangalie na sisi tulioketi hapa wawili. Unajua tunachokosa kabla hatujakitaja. Utupe kusikilizana bila kuchoka, na utulinde tusitupiane lawama. Ukitupa tunachoomba, tutakushukuru. Na tukiendelea kungoja, ungoje pamoja nasi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.