Sufuria Moja, Mlo Kamili: Viazi, Kabichi na Soseji kwa Familia za Mbeya na Iringa

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya



Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi. Viazi mviringo vya Umalila, Uporoto, Kilolo na Mufindi vinashuka kwa malori hadi Dar es Salaam. Mahindi, maharage, kabichi, maziwa na parachichi vinatoka huku huku. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa, katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano, karibu 57 walikuwa na udumavu. Kwa Tanzania nzima ilikuwa 30 katika kila 100.

Mtoto mwenye udumavu ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka, na huenda asionekane mgonjwa. Madhara yenyewe yako ndani: ubongo haukui inavyopasa, mwili unashindwa kupambana na maradhi, na darasani mtoto anachelewa kushika masomo. Kinachopotea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

Basi tatizo letu kubwa si shamba kukosa mazao. Mtoto anakula ugali wa aina moja kila siku, anakula mara chache kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, na kuhara kunamnyang'anya hata kile kidogo alichokula. Haya yote yanaweza kurekebishwa nyumbani, na mkoa wa Iringa umewahi kuonyesha njia. Mwaka 1983 Iringa ilianzisha mpango wa lishe uliosaidiwa na WHO, UNICEF na serikali ya Italia, ukaanzia katika vijiji 168. Wazazi walipima uzito wa watoto wao kijijini, wakajadili sababu, wakaongeza idadi ya milo, na utapiamlo mkali ukapungua. Mataifa mengine yalikuja kujifunza kutoka kwa vijiji hivyo.

Kijitabu hiki kinachukua mlo mmoja wa jioni, viazi, kabichi na soseji katika sufuria moja, na kueleza namna ya kuufanya uwe mlo kamili na salama kwa kila mtu nyumbani.

Soseji iwe kiungo, isiwe msingi wa mlo

Soseji zimeingia mabuchani na madukani hadi miji midogo, na watoto wanazipenda. Zinaiva haraka na zinatia ladha. Hata hivyo, ni nyama iliyosindikwa: imesagwa, ikachanganywa na mafuta na chumvi nyingi, na mara nyingi na chumvi za nitriti zinazoifanya ikae muda mrefu na kubaki nyekundu. Mwaka 2015 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kula gramu 50 kila siku, karibu na uzito wa soseji moja ya kawaida, kunaongeza kwa asilimia 18 uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana.

Kwa hiyo tumia soseji chache, tena siku mojamoja. Kazi ya kujenga mwili waachie maharage, mayai, maziwa, dagaa na nyama isiyosindikwa. Kwa bei ya pakiti moja ya soseji unaweza kununua maharage yanayolisha familia kwa siku kadhaa. Maharage yakiwa na kabichi na viazi, vitamini C ya mboga hizo inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, na hiyo ni kinga dhidi ya upungufu wa damu.

Mahitaji kwa watu sita

- Viazi mviringo: kilo 1 na nusu
- Kabichi: nusu ya kichwa cha wastani
- Maharage yaliyokwisha kuchemshwa na kuiva: vikombe 2
- Soseji za ng'ombe, kuku au nguruwe: 3
- Karoti 2, vitunguu maji 2, nyanya 3
- Mafuta ya alizeti: vijiko 2 vikubwa
- Chumvi yenye madini joto: nusu kijiko cha chai
- Maji safi: vikombe 2

Sokoni, iwe Mwanjelwa, Uyole au Mashine Tatu, chagua viazi vigumu visivyo na rangi ya kijani. Viazi vilivyopigwa na jua vinageuka kijani na kutengeneza sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Sehemu ndogo ya kijani na macho yaliyochipua yakatwe kwa kina. Kiazi kilichogeuka kijani kwa wingi kitupwe, na nguruwe au kuku wasipewe. Nyumbani vihifadhi mahali penye giza na panapopitisha hewa.

Namna ya kupika

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ondoa majani ya nje ya kabichi, tenganisha mengine, na uyaoshe moja moja kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyakata. Hii inaondoa udongo, mayai ya minyoo na sehemu ya viuatilifu. Ukikata kwanza ndipo uoshe, vitamini nyingi zinaondoka na maji.

2. Menya viazi kwa ganda jembamba, uvikate vipande vinavyolingana ili viive pamoja.

3. Pasua soseji kwa urefu mara nne, kisha katakata. Zikaange kwa mafuta katika sufuria pana kwa dakika 8 hadi 10, hadi ndani pasibaki wekundu wa nyama mbichi na maji yake yatoke meupe. Zitoe uziweke kwenye bakuli safi. Usitumie sahani wala kisu kilichoshika soseji mbichi kabla ya kukiosha.

4. Kaanga vitunguu na karoti katika mafuta yaliyobaki, tia viazi na maji, funika, uache vichemke.

5. Uwe mvumilivu na viazi. Katika miji yetu ya mwinuko maji yanachemka kabla ya kufikia nyuzi joto 100. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94. Iringa mjini yanachemka kwenye joto la juu kidogo tu ya hilo. Ndiyo maana viazi na maharage yanachukua muda mrefu kuiva kuliko pwani. Kuongeza moto hakubadilishi hilo, kunamaliza mkaa bure. Mfuniko unaobana vizuri ndio unaosaidia. Tarajia dakika 20 hadi 30.

6. Viazi vikilainika, ndipo utie nyanya na maharage. Nyanya zikitangulia, uchachu wake unachelewesha viazi kuiva. Acha dakika 5.

7. Tia kabichi, funika kwa dakika 5 hadi 7. Ipakue ikiwa imelainika lakini bado ina rangi yake. Kabichi iliyochemshwa hadi ikafifia imepoteza vitamini C nyingi.

8. Pakua kwanza sehemu ya mtoto mdogo. Kisha rudisha soseji, tia chumvi, koroga, na acha moto upite kwa dakika 3.

Chumvi inaingia mwishoni kwa sababu madini joto yanapungua yakikaa motoni kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi ugonjwa wa rovu ulikuwa tatizo kubwa katika nyanda hizi, kwa sababu udongo wa milimani una madini joto machache. Nunua chumvi yenye madini joto, uihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na unyevu. Lakini usizidishe: mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na soseji tayari zimebeba sehemu yake.

Baada ya mlo, kula tunda: parachichi la Rungwe, ndizi, pichi au chochote cha msimu. Chai isubiri angalau saa moja. Tunaoishi Mufindi na Tukuyu tumezoea kuinywa na chakula, lakini majani yake yana kemikali zinazouzuia mwili kunyonya madini ya chuma.

Sehemu ya mtoto mdogo

Tangu kuzaliwa hadi miezi sita, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Baada ya hapo aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, ponda viazi, maharage, karoti na kabichi uliyompakulia, uongeze yai lililoiva vizuri au dagaa waliosagwa, na kijiko cha chai cha mafuta. Chakula kiwe kizito, kikae kwenye kijiko bila kumwagika. Soseji asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili. Mkubwa kidogo akipewa, vipande viwe vimepasuliwa kwa urefu, kwa sababu kipande cha mviringo kinaweza kuziba koo.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23 ale mara 3 hadi 4, na kati ya milo apewe kitu kidogo kama parachichi au maziwa yaliyochemshwa. Mlo wa jioni usisubiri saa tatu usiku, maana mtoto atakuwa amelala na njaa. Hapa baba ana kazi yake: kuchota maji, kumenya viazi, kuwasha jiko, kumlisha mtoto wakati mama anamalizia kupika. Mama mjamzito naye apunguziwe kazi nzito na aongezewe mlo mmoja kwa siku.

Tegu wa nguruwe: ugonjwa unaozuilika

Ukitumia soseji au nyama ya nguruwe, kuna ugonjwa wa kujihadhari nao. Ufugaji wa nguruwe ni chanzo kizuri cha kipato Mbeya na Iringa. Nguruwe wanaozurura na kula kinyesi cha watu wanapata mabuu ya tegu, yanayokaa katika nyama kama vifuko vidogo vyeupe. Anayekula nyama hiyo bila kuiva anapata tegu tumboni.

Hatari kubwa zaidi ni mayai ya tegu yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mayai hayo yakimezwa kupitia mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, mabuu yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuupata ugonjwa huu. WHO inaeleza kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa huenda wameupata kwa njia hii.

Fanya haya:

- Nunua nyama na soseji katika bucha linalouza nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri.
- Ukiona vifuko vyeupe katika nyama, usiile wala usiiuze. Mwite mtaalamu wa mifugo.
- Fuga nguruwe ndani ya banda, na kila kaya iwe na choo kinachotumika.
- Mtu mwenye kifafa mpeleke kituo cha afya. Kifafa si laana wala si uchawi, na mgonjwa anatibika. Kumficha ndani kunamwongezea mateso.

Moto na moshi

Mlo wa sufuria moja unatumia moto mmoja, kwa hiyo unapunguza kuni, mkaa na moshi anaovuta mama na mtoto aliyembeba mgongoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Anayeweza kuanza na gesi au umeme aanze. Anayetumia kuni au mkaa apikie mahali penye madirisha wazi na atumie jiko banifu.

Juni na Julai baridi inapouma, usiingize jiko la mkaa chumbani ili kujipasha joto, hata kama mkaa umeonekana kufifia. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaweza kuua familia nzima usingizini. Tumieni blanketi na nguo nzito, na jiko libaki nje.

Chakula kilichobaki

Baridi ya Mbeya haitoshi kuhifadhi chakula. Kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye jokofu. Kama huna jokofu, pika kinachotosha mlo mmoja. Cha jokofuni kipashwe mara moja tu, hadi kifuke mvuke kote, na kisipewe mtoto mdogo.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda haraka ikiwa mtoto anahara na kutapika, macho yamezama, ana damu kwenye choo, amevimba miguu yote miwili, amekonda ghafla, anakataa kula au kunyonya, au amepata degedege. Nenda pia ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo, kwani hivyo ni dalili ya tegu, na dawa yake ipo.

Kila baada ya miezi mitatu kijiji chako kinapaswa kufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mpeleke mtoto apimwe urefu na uzito, umuulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii maswali yako yote, na ulizia pia mnavyoweza kupika mlo huu pamoja siku hiyo. Familia yenye viazi, maharage na kabichi bustanini ina mwanzo mzuri wa kumkuza mtoto, ikiongeza mayai, maziwa au dagaa. Wiki hii, kabla gunia halijapanda kwenye lori, tengeni kwanza sehemu ya watoto.